Buloni mbili za bei ya chini zimetupotezea mavuno



Katika mavuno yaliyopita mashini yetu ya kukoboa mpunga ilikaa wiki tano bila kufanya kazi. Mnajua hiyo inamaanisha nini. Magunia yalijaa depo mpaka mlangoni. Wamama walianza kuuza mpunga na maganda yake kwa wanunuzi waliokuja na pikipiki, kwa bei waliyoitaka wanunuzi wenyewe, juu ya pesa ya masomo ya watoto haingoji. Wengine walitwanga kwa mkono mpaka usiku. Na yote hayo yalitoka kwa buloni mbili, kila moja inaingia mfukoni.

Tunaoandika ni sisi wa komite ya mashini, na sehemu kubwa ya kosa ni yetu. Tunasema wazi: ile desturi ya kununua buloni za motere kwa kufuata faktire ya chini kuliko zote iachwe. Faktire tatu ni kitu kizuri kwa mabati, kwa magunia, kwa majembe. Kwa buloni za ndani ya motere ni hatari.

Motere yetu ni Lister ya silinda mbili, ya Uingereza, ile inayozunguka polepole, mizunguko 650 kwa dakika. Aina hiyo ilianza kutengenezwa kabla ya vita ya pili ya dunia, na nakala zake zimetengenezwa India kwa miaka mingi. Ni motere ya uvumilivu. Inakubali mazutu yasiyo safi sana, inakubali jua, inakubali fundi asiye na chombo cha kisasa. Fundi wetu aliifungua yote: akaweka segma mpya, akaweka kusine mpya, akasafisha kulasi. Kazi nzuri, hatumlaumu kwa hiyo. Kisha akaomba buloni mpya za biyeli, juu ya zile za zamani zilikuwa zimechoka. Tukatafuta faktire tatu sokoni Kisangani. Tukachukua ya chini.

Muuzaji alituambia, "Papa, hii njo ile ile. Tazama, inaingia."

Na kweli iliingia. Hilo neno "inaingia" ndilo lililotuponza.

Buloni (wenzetu wa Tanzania wanasema bolti) zina familia, na familia hizo hazioani. Mashini za Uingereza za zamani zilifungwa kwa meno ya Whitworth, yaliyoanza mwaka 1841, na kipimo chake ni inchi. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada walikubaliana juu ya meno mengine ya pamoja, nayo pia ya inchi. Lakini huku kwetu, Wabelgiji walituletea milimita, na motere za Wajapani na Wachina ni milimita pia. Kwa hiyo katika sanduku moja la muuzaji wa Kisangani unakuta familia tatu zimelala pamoja kama samaki ndani ya kikapu, na kwa macho zinafanana. Inchi tano kwa kumi na sita ni milimita 7,94. Buloni ya milimita 8 itaingia kwenye ekuru yake meno mawili au matatu, halafu inakataa. Hapo kijana anachukua kle ndefu na kuilazimisha. Amekwisha kuharibu meno ya pande zote mbili, na bado anaamini amekaza.

Kwetu ilikuwa kwa njia nyingine. Buloni za milimita zilipita katika tundu la inchi zikichezacheza, zikafungwa na ekuru zake zenyewe. Kumbe buloni za biyeli zinasaidia pia kushika kofia ya biyeli isiyumbe. Tundu likiwa na nafasi, kofia inatembea kidogo, na kukaza kunalegea.

Jambo la pili ni nguvu ya chuma, na hapa tungependa kila mwanachama ajifunze kusoma kichwa cha buloni, hata asiyeshika kle maishani mwake. Kwenye buloni ya milimita iliyo nzuri utaona tarakimu: 8.8, au 10.9. Pembeni yake kuna alama ya kiwanda. Ile 8 ya kwanza inasema chuma kinakatika kikivutwa kwa nguvu kama ya kilo 80 kwa kila milimita moja ya mraba. Ile 8 ya pili inasema kinaanza kurefuka bila kurudi kikifika asilimia 80 ya nguvu hiyo, yaani kama kilo 65. Sasa chukua buloni ya 4.6, ile ya kufungia mlango au paa: inaanza kurefuka kwenye kilo 24 hivi. Ukubwa ni ule ule, mng'ao ni ule ule, lakini nguvu ni chini ya nusu. Buloni za inchi za Marekani hazina tarakimu, zina mistari kichwani: mitatu ni nguvu ya kati, sita ni nguvu zaidi. Buloni isiyo na alama yoyote, tuihesabu kuwa ya mlango.

Zetu hazikuwa na alama. Tulizitazama tukazilipia.

Motere ilifanya kazi siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili ilipiga mlio kama nyundo kwenye pipa, biyeli ikatoka ikapasua ubavu wa motere. Na asubuhi ile ile watu walikwisha kujua mkosaji: mlinzi. Walisema alilegeza buloni usiku juu ya kuiba mazutu. Hakukuwa na ushahidi hata kidogo, lakini mkutano ulikuwa na hasira, nasi wa komite tulinyamaza. Tulinyamaza juu ya hasira ile ilikuwa inapita mbali na sisi. Mlinzi aliondolewa siku hiyo hiyo, bila mshahara wa mwezi.

Baada ya wiki moja fundi aliokota kipande cha buloni ndani ya mafuta, akakiosha, akatuonyesha pale kilipokatikia. Uso wake ulikuwa na mistari midogo iliyopindana, mmoja nyuma ya mwingine, kama mistari ya ganda la konokono. Pembeni kidogo tu palikuwa na sehemu ya kukwaruza. Chuma kilichokatwa kwa nguvu mara moja hakiwi hivyo. Mistari ile ni ufa unaokua polepole, siku kwa siku, mpaka kinachobaki hakitoshi kushika. Mlinzi hana mkono unaoweza kuandika mistari ile.

Kwa nini ufa? Buloni iliyokazwa vizuri inavutika kidogo sana, kama mpira wa kufungia mzigo kwenye baiskeli ya toleka. Ikiwa imevutika vya kutosha, mzigo wa biyeli haufiki kwake moja kwa moja. Ikilegea, inakula kila mvuto. Na kwa mizunguko 650, pistoni inafika juu bila moto wa kuisukuma mara 325 kwa dakika, ikivuta buloni kila mara. Ni zaidi ya mara 19.000 kwa saa moja. Buloni ya mlango haiwezi kuvutwa vya kutosha wakati wa kukaza, juu ya chuma chake kinarefuka kabla. Fundi anakaza, anasikia inakubali, anakaza tena. Anachosikia ni chuma kinachokufa.

Mwekahazina wetu anatuuliza swali la haki: pesa ingetoka wapi? Ni kweli sanduku lilikuwa jepesi. Lakini tulipiga hesabu pamoja naye. Tofauti kati ya buloni tulizonunua na zile za motere yenyewe haikufikia bei ya gunia moja la mpunga. Yeye anaogopa pia kwamba ukimruhusu fundi kutaja duka, fundi atakula na mwenye duka. Woga huo tunauheshimu, umetokea mahali pengi. Ndiyo maana hatutaki fundi ataje duka. Tunataka ataje buloni.

Aandike kwenye karatasi, kabla ya faktire yoyote: buloni ya mahali gani, familia ipi ya meno, unene, urefu, nguvu. Urefu usisahauliwe: buloni ndefu kupita tundu lisilotoboka inagota chini, mkono unasikia imekaza, kumbe haijashika kitu. Buloni ya zamani ipelekwe dukani kama mfano, ndani ya mfuko wenye jina. Anayenunua asome kichwa cha buloni mbele ya muuzaji. Faktire zilinganishwe kati ya vitu vinavyolingana na karatasi hiyo tu. Kwa biyeli na kulasi hata 8.8 ya sokoni tusiikubali, tuchukue zile zilizotengenezwa kwa motere hiyo.

Na tusidanganywe na inoksi. Inang'aa, haishiki kutu hata katika unyevu wa mto wetu, na kwa kufunga tangi la maji au bati la kinga ni nzuri sana. Lakini inoksi ya kawaida ya sokoni ina nguvu ndogo kuliko 8.8, na meno yake yanapenda kugandana yenyewe kwa yenyewe. Isiingie ndani ya motere. Vilevile tumeona misumari ikipindwa mahali pa gupiye kwenye ekuru za biyeli. Gupiye ni kitu kidogo cha bei ndogo, inatumika mara moja, inatupwa. Msumari hapana.

Wenzetu wenye Land Rover au kamio ya zamani, maneno haya ni yenu pia, tena zaidi, maana Land Rover ya zamani inaweza kuwa na familia mbili za meno kwenye motere moja.

Kuna neno kwa wafadhili pia, na tunashukuru gazeti hili kutuachia nafasi ya kulisema. Mnatuletea mashini, mnapiga picha, mnaondoka. Kutoka hapa mpaka Kinshasa kwa mto ni zaidi ya kilometa 1.700, na kutoka Butembo mizigo inakuja kwa barabara tunayoijua wote. Kila motere inayoletwa kijijini ije na sanduku lake: buloni za biyeli, za kulasi, ekuru, gupiye, na kle moja ya kupima nguvu ya kukaza. Hiyo kle katika ushirika wetu hatujawahi kuwa nayo. Tunaazima mjini.

Motere imeshonwa ubavu kwa kulehemu na inazunguka tena, kwa buloni zilizokuja na familia yake. Mlinzi tulimfuata nyumbani kwake, sisi wote wa komite, na mshahara wake wa mwezi ule. Alipokea pesa. Kurudi kazini alikataa, akasema atafikiri. Bado tunamngoja.