Askari Wetu Wakumbukwe kwa Majina

Wahenga walinena kuwa asiyekujua hakuthamini. Methali hii hunijia akilini kila ifikapo tarehe 14 Oktoba, siku ya kuwaenzi wanajeshi wa Kenya, ambayo huadhimisha kuanzishwa kwa Operesheni Linda Nchi nchini Somalia mwaka 2011. Siku hiyo hotuba husomwa na mashada ya maua huwekwa, kisha jioni kila mtu hushika njia yake. Sina ugomvi na sherehe hizo. Ninaloteta nalo ni desturi yetu ya kuwakumbuka askari kwa jumla, ilhali waliokwenda vitani walikwenda mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake, mamaye na rafiki zake.

Desturi hii haikuanza leo. Mtaa wa Kariakor jijini Nairobi ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilichobeba vyakula na risasi za jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Katika barabara ya Kenyatta zimesimama sanamu tatu za shaba, mbili za askari na moja ya mpagazi, zilizozinduliwa mwaka 1928. Sanamu hizo hazina jina la mtu. Mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mpagazi alihesabiwa alipokuwa akibeba mzigo. Alipokufa hesabu ikakoma.

Tutasema kwamba huo ulikuwa ukoloni. Je, sisi tuliojitawala tangu mwaka 1963 tumefanya nini? Kambi yetu ya El Adde iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, wananchi walingoja kwa muda mrefu kuambiwa idadi kamili ya waliouawa, wasiambiwe. Ikiwa hata idadi ni siri, majina yatatoka wapi?

Nilisoma shule moja na vijana watatu waliojiunga na jeshi. Mmoja alikuwa bingwa wa hesabu, akawa fundi wa malori ya kijeshi. Wa pili alikwenda Sierra Leone mwaka 2000, katika kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani. Sasa amestaafu, na ukimwuliza habari za huko hatakusimulia risasi, bali mvua isiyokatika na watoto waliokuja langoni mwa kambi kuomba wafundishwe kusoma. Wa tatu alifia El Adde akiwa sajini. Ndiye aliyekuwa akitugawia chakula bwenini, na hakuna aliyewahi kulalamika kuwa amepunjwa. Katika shule tuliyosoma, kuta zimejaa majina ya mabingwa wa kandanda na ya waliopasi mitihani vizuri. La sajini huyo halimo.

Wapo watakaosema kwamba kuandika majina ya askari ni kuvitukuza vita. Mimi naona kinyume chake. Vita hutukuka pale wafu wanapogeuzwa kuwa tarakimu, kwa maana tarakimu haina mjane wala yatima. Taifa linaloyajua majina ya wafu wake halitawapeleka vijana wake vitani kwa pupa. Wengine watasema kuwa kazi hii ni ya serikali, nayo ilikwisha kutungiwa sheria ya wanajeshi wastaafu mwaka 2022. Sheria hiyo ni jambo jema. Hata hivyo, sheria huweza kumpa mstaafu haki yake, lakini haiwezi kujua kwamba sajini fulani aligawa chakula kwa haki. Hilo hujulikana na rafiki, naye rafiki akinyamaza hupotea.

Ndiposa nawageukia walimu wenzangu. Ipo haja kila shule iwe na kitabu cha kumbukumbu za wanafunzi wake waliotumikia jeshi: jina, mwaka aliomaliza masomo, mahali alikotumikia, na maneno machache kutoka kwa waliomjua. Walimu wa Historia na wa Kiswahili wanaweza kuifanya kazi hii iwe sehemu ya masomo, wanafunzi wakawaendea wastaafu wa vijiji vyao na kuandika masimulizi yao. Waende kwa adabu, waombe ruhusa kwanza, na anayependa kunyamaza aachwe anyamaze, kwani yapo majeraha yasiyotaka kuguswa. Wala wasiulize siri za kambi, hatuzihitaji. Tunachohitaji ni habari za mtu.

Nanyi wanafunzi, msingoje kitabu kinunuliwe. Ulizeni nyumbani leo ni nani katika ukoo au jirani aliyewahi kuvaa sare za jeshi, mkaandike jina lake na lile analopenda kukumbukwa kwalo. Wastaafu wengi wangali hai, na shukrani husikika vizuri zaidi na mwenye masikio. Tukiwangojea hadi wazikwe, tutakuwa tumewatendea kama walivyotendewa wapagazi wa Kariakor.