AES Haijavunjwa, Lakini Chipu Yako Inaropoka

Wadau, leo nina neno na wauzaji wa "usalama", na pia na sisi waandishi wa programu. Kuna sentensi moja ambayo nimeichoka kabisa. Utaisikia kadi mpya zikizinduliwa, utaisoma kwenye vipeperushi vya rimoti za lango, utaikuta kwenye karatasi za zabuni: "Tunatumia AES, usimbaji wa kiwango cha jeshi. Hauwezi kuvunjwa." Wanaishia hapo, kana kwamba jina la algoridhimu ni hirizi.

Nianze kwa kukubali lililo kweli. AES haijavunjwa. Ukitaka kubahatisha ufunguo wake wa biti 128, idadi ya funguo zinazowezekana ni nambari yenye tarakimu 39. Kusanya tarakilishi zote duniani, zifanye kazi hiyo mpaka wajukuu wako wazeeke, hazitamaliza.

Tatizo ni kwamba mwizi mwenye akili hapitii huko. AES ni hisabati ya kwenye karatasi. Kilicho mfukoni mwako ni chipu, na chipu hula umeme, huchukua muda, hutoa joto na mawimbi ya sumakuumeme. Vitu hivi hubadilika kidogo kidogo kulingana na siri inayoshughulikiwa ndani. Wataalamu huita hii njia ya pembeni. Huvunji mlango, unatega sikio ukutani.

Hebu tuone inavyofanyika. Mwaka 1996 Paul Kocher alionyesha kwamba muda ambao mashine inatumia kukokotoa unaweza kufichua ufunguo. Mwaka 1999, yeye pamoja na Joshua Jaffe na Benjamin Jun wakaenda mbele: walipima umeme unaoliwa na kadi ya chipu inapofanya kazi, wakarudia mara nyingi, kisha wakatumia takwimu kuchuja kelele na kuitoa siri.

Sasa chukua mbinu hiyo uipeleke kwa AES. Ufunguo wa biti 128 ni baiti 16. Kwa njia ya pembeni, mwizi habahatishi ufunguo wote kwa pamoja. Anabahatisha baiti moja, yenye majibu 256 tu, na kulinganisha kila jibu na michoro ya umeme aliyoirekodi. Jibu sahihi linajitokeza lenyewe. Anahamia baiti ya pili. Piga hesabu: 256 mara 16 ni 4,096. Ile nambari ya tarakimu 39 imegeuka kuwa elfu nne na ushei, kazi ya tarakilishi ya kawaida. Na AES bado haijavunjwa!

Kwa hiyo "kiwango cha jeshi" ni maneno ya kuchekesha, maana wanajeshi ndio waliotangulia kuogopa jambo hili. Mwaka 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mhandisi wa Bell Labs nchini Marekani aligundua kwamba kila mashine ya usimbaji ilipofanya kazi, osiloskopu (mashine ya kuchora mawimbi ya umeme) iliyokuwa upande mwingine wa chumba ilirukaruka. Jeshi halikuamini. Wahandisi wakakaa kwenye jengo la ng'ambo ya barabara jijini New York, kama mita 25 kutoka chumba cha siri, wakarekodi kwa saa moja. Baada ya saa chache walirudi na robo tatu ya ujumbe uliokuwa ukitumwa. Habari hii imo kwenye waraka wa NSA ambao sasa si siri tena. Muuzaji akikuambia "kiwango cha jeshi", mwulize kama kifaa chake kimekingwa na kile kilicholiaibisha jeshi lenyewe.

Nawajua mtakaonipinga. Wa kwanza atasema: "Hiyo ni kazi ya maabara. Matapeli wetu wa Kenya hawana osiloskopu, wanakupigia simu, wanakudanganya, wanabadilisha laini yako." Ni kweli, ulaghai ndio njia rahisi zaidi. Lakini tapeli wa simu hudanganya mtu mmoja mmoja. Maabara ikivunja kifaa mara moja, matunda yake wanaweza kuyala wengi. Tazama KeeLoq, mfumo uliotumika kwenye rimoti za magari na milango ya gereji. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walipima umeme wa kipokezi na kuutoa ufunguo mkuu wa mtengenezaji. Ukishaupata huo, huhitaji maabara tena. Unanasa jumbe mbili tu za rimoti hewani, na tayari una nakala yake. Kazi ngumu ya mara moja, wizi rahisi wa kila siku.

Wa pili atasema: "Ni lazima mwizi akishike kifaa." Ndiyo, mara nyingi ni lazima. Na sisi vifaa vyetu viko wapi? Mita ya stima iko nyumbani kwa mteja. Kadi inapita mikono ya watu. Laini ya simu inaachwa kwa fundi pamoja na simu. Mwaka 2015, kwenye mkutano wa Black Hat, mtafiti Yu Yu kutoka Shanghai alieleza jinsi kundi lake lilivyotoa siri za kadi za laini za 3G na 4G kwa kutumia osiloskopu na tarakilishi, na kuzitengenezea nakala. Sisemi kadi hizo zilikuwa za Kenya. Nasema hivi: M-Pesa ilipoanza 2007, menyu yake iliwekwa ndani ya kadi ya laini. Wezi bado watahitaji PIN yako, lakini nchi ambayo imeweka pesa zake juu ya laini haina haki ya kusema "hayo ni ya maabara".

Tena si lazima akishike kila mara. Mwaka 2003 David Brumley na Dan Boneh walitoa ufunguo wa RSA kutoka kwa seva ya OpenSSL kwa kupima muda wa majibu tu, kupitia mtandao wa ndani.

Hapo nawageukia wenzangu waandishi wa programu. Ile alama ya == mnayotumia kulinganisha muhuri wa ujumbe na ule uliokokotolewa, husimama inapokuta baiti ya kwanza isiyolingana. Ikisimama mapema, jibu linakuja mapema, na mpinzani anajua amefika wapi. Mwaka 2007 Xbox 360 iliangushwa hivyo hivyo: muhuri wa baiti 16, baiti moja baada ya nyingine, majaribio yasiyozidi 4,096. Nambari ile ile! Dawa ni kulinganisha baiti zote bila kujali zinalingana au la, ili muda uwe ule ule. Python, PHP, Java na Go zina kazi ya kufanya hivyo tayari. Itumieni.

Kwenye chipu dawa zipo pia. Siri hugawanywa vipande kwa kuchanganywa na nambari za nasibu, ili umeme usimseme mwenye nyumba. Ufunguo mmoja hautumiki mara nyingi mno. Lakini usidanganywe na anayesema "tumeongeza kelele". Kelele peke yake humfanya mwizi arekodi mara nyingi zaidi, basi.

"Lakini kifaa chetu kina cheti!" Haya, tuzungumze vyeti. Septemba 2024 Thomas Roche wa NinjaLab, Ufaransa, alitangaza kwamba chipu za Infineon, zikiwemo zile za YubiKey 5, zilikuwa zikivuja siri kupitia mawimbi ya sumakuumeme. Sababu? Hesabu moja ndani yake haikuchukua muda ule ule. Kosa hilo lilikaa miaka 14, likapita kwenye tathmini za ngazi ya juu za Common Criteria kama 80. YubiKey zenye programu ya kabla ya 5.7 haziwezi kusasishwa. Roche alihitaji kukifungua kifaa na mitambo ya bei kubwa, kwa hiyo usiitupe YubiKey yako. Bado ni bora kuliko nywila tupu. Ninachokataa ni cheti kutolewa kwa misingi ya programu iliyofichwa ambayo mnunuzi haruhusiwi kuiona. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi, wewe unayenunua kadi, mita au rimoti kwa niaba ya umma, uliza maswali matatu kabla ya kutia sahihi. Nani amepima uvujaji wa chipu hii, na ripoti yake iko wapi? Je, kila kifaa kina ufunguo wake, au kuna ufunguo mkuu mmoja ukitoka wote tumekwisha? Na ikivunjwa kesho, itarekebishwa vipi, na kwa gharama ya nani?

Muuzaji akijibu kwa kusema "AES" tu, funga faili. Hujamwuliza kuhusu AES.