Etaji za Goma zinakaa juu ya mgongo wa Masisi na Walikale



Kila siku tunasikia watu wakisifu: Goma imepanda, angalia zile etaji! Kweli imepanda. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ilipitisha moto katikati ya mji, zaidi ya watu laki moja wakabaki bila makao. Wengi walisema Goma imekwisha. Lakini wakaaji walipasua lile jiwe, wakalisukuma kwa chukudu, wakajenga juu yake. Kwanza nyumba za mbao, kisha za matofali, kisha hoteli na magorofa ya vioo. Mwezi wa tano 2021 volkano ikarudi, watu wakakimbia, wakarudi, wakaendelea kujenga.

Hatuchukii etaji. Tunauliza tu: pesa ilitoka wapi, na kule ilikotoka kumebaki nini?

Mimi ni mtoto wa Nyabiondo, kwenye barabara ya kutoka Masisi kwenda Walikale. Kwetu jibu linajulikana. Mwaka wa 2000 bei ya koltani ilipanda sana duniani, na pesa ikaanza kuingia Goma. Halafu ikaja zamu ya kasiterite ya Bisie, kule Walikale. Watu walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni, wakapita msituni kwa miguu hadi barabarani. Pale Kilambo ndege ndogo zilitua juu ya lami, katikati ya barabara, zikapakia mzigo na kuupeleka Goma. Mwenye kubeba alibaki na maumivu ya mgongo. Mwenye kununua alipata parseli mjini, akaanza kupandisha.

Hapa tusidanganyane, yule mfanyabiashara si mjinga. Angeweka wapi pesa yake? Ngombe wa Masisi wanaibwa, duka la kijijini linachomwa, barabara inakatwa na matope au na watu wenye silaha. Lakini nyumba ya Goma inapangishwa kwa dola, na kwa miaka mingi mashirika ya kigeni yalikuwa tayari kulipa bei kubwa. Kwa hiyo kila etaji mpya inatuonyesha pia mahali ambapo mtu anaogopa kuacha pesa yake. Ukiona Goma inapanda haraka, ujue kuna kijiji kinahamwa.

Kuna wenye watasema: lakini etaji zinaleta kazi. Ndiyo, kwa muda. Mimi niko na lisansi ya uchumi. Tangu nimalize chuo, kazi ya kulipwa niliyoipata ilikuwa wiki tatu za kupandisha simenti kwenye shantie moja. Siku tulimaliza dari ya mwisho, tukaambiwa asante, kila mtu aende kwake. Shantie inalisha wajenzi na wenye chukudu mpaka nyumba inaisha. Barabara ya Sake–Masisi–Nyabiondo–Walikale ingelisha watu kila siku ya soko: mama mwenye maharagwe, motari, mwenye jibini, mwenye makala.

Na si kwamba sheria haiko. Sheria ya madini ya 2018 inasema wazi namna ya kugawa ushuru wa madini: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa provensi, 15% kwa sekta au shefferi ambako madini yanachimbwa, na 10% kwa hazina ya vizazi vijavyo. Soma tena hiyo 15%. Hiyo ni shule, ni kituo cha afya, ni daraja. Nani amewahi kuona hesabu yake imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya sekta yake?

Leo hali imekuwa mbaya zaidi. Rubaya iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa mwezi wa nne 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kodi za koltani pale zinaingizia kundi hilo karibu dola 800 000 kila mwezi. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 Goma nayo ikachukuliwa, mabenki yakafunga milango. Watu wa Masisi waliokuwa wamelala chini ya turubai Bulengo na Lushagala, karibu na hizo etaji, wakaambiwa wabomoe na warudi. Warudi wapi?

Tuangalie Nairobi. Pale kuna Britam Tower ya mita 200, iliyomalizika 2017, na kuna Times Tower, makao ya wakusanya kodi. Nairobi pia watu maskini ni wengi. Lakini mwezi wa sita 2024 vijana wenzetu waliingia barabarani wakauliza: kodi yetu inaenda wapi? Wengine walikufa kwa ajili ya swali hilo. Rais akakataa kutia sahihi sheria ya fedha. Hawakuuliza jengo ni refu kiasi gani. Waliuliza hesabu.

Sisi pia tunataka hesabu:

1. Serikali itangaze, sekta kwa sekta na shefferi kwa shefferi, 15% ililipwa kiasi gani tangu 2018 na ilifanya nini.
2. Wabunge wa Masisi na Walikale waseme mbele ya watu barabara yetu inakwama wapi.
3. Kila mwenye silaha anayekusanya kodi kwenye machimbo, awe wa upande gani, aache. Ile ni mali ya wanainchi.

Na wewe kijana unayepiga picha mbele ya etaji mpya, piga, hakuna ubaya. Lakini ukiiweka kwenye simu, andika chini yake: mzigo ulitoka Masisi, ulitoka Walikale. Halafu uulize 15% iko wapi. Tukiuliza watu kumi watatucheka. Tukiuliza elfu kumi watatafuta karatasi.