Michezo ya video: namba kwenye jalada haitoshi

Juma hili tunaangalia michezo miwili ya mwaka 2024, ambayo watoto wetu wa Naviundu wanaitaja hata darasani.

EA Sports FC 25, ya mpira, ilitoka tarehe 27 Septemba. Jalada la Ulaya linaonyesha namba 3, maana yake kuanzia miaka mitatu. Mchezo ni mzuri: wawili wanacheza pamoja na wanazoea kushindwa bila kugombana. Lakini ndani yake munauzwa pakiti za wachezaji kwa feza za kweli, na mtoto hajui atapata nani mpaka alipe. Huko Ubelgiji, mwaka 2018, serikali ilisema pakiti za namna hii ni kamari. Na sisi tunasema hivyo.

Call of Duty: Black Ops 6, ya vita, ilitoka tarehe 25 Oktoba. Namba yake ni 18. Mashariki mwa nchi yetu watu wanakimbia risasi za kweli. Tusimzoeze mtoto wa miaka kumi kuua kwa kucheka.

Basi, tusome namba, tufiche namba ya siri ya simu, na siku ya Posho tukae karibu nao tuulize: «Hapa munanunua nini?»