Kupiga shoti stepa si breki ya mwisho

Leo nimekuja na ubishi. Kuna ushauri unaorudiwa kila mahali mafundi wanapokutana: ukitaka mota ya stepa iwe breki, piga shoti koili zake, hapo ndipo inakaza kabisa, ukitaka ilegee, ongeza rezista. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu ya pili itamvunja mtu mguu.

Ukweli kwanza. Toa stepa kwenye printa kuukuu, gusanisha nyaya mbili za koili moja, kisha zungusha ekseli kwa vidole. Inagoma! Ndani mna sumaku. Ukizungusha, umeme unazalishwa, unapita kwenye koili na kupinga mkono wako. Hakuna betri, hakuna programu (na mimi ndiye ninayekula kwa programu).

Sasa ongeza kasi. Stepa ya hatua 200 hutoa mawimbi 50 ya umeme kwa kila mzunguko mmoja wa ekseli. Ikizunguka mara 60 kwa dakika, tayari una hezi 50, kama umeme wa ukutani. Koili nayo ina indaktansi, ile tabia ya kupinga mkondo unaobadilika. Kasi ikipanda, volteji inapanda, na upinzani huo unapanda pamoja nayo, kwa hiyo mkondo unafika mahali unagota. Breki inafika kilele, halafu inaanza KULEGEA.

Chukua koili ya omu 1.5 na milihenri 3. Ikipigwa shoti, kilele kiko karibu na mizunguko 95 kwa dakika. Ikifika 640, umebaki na chini ya theluthi ya nguvu ile. Sasa unganisha rezista ya omu 8.5 kwa kila koili: kilele kinahamia hapo kwenye 640, na kimo chake ni kile kile. Kwa kasi ndogo breki italegea, sawa, lakini kwa kasi kubwa rezista ndiyo inayokaza. Tena asilimia 85 ya joto la nyaya linatokea kwenye rezista, si ndani ya mota.

Sasa mtu anafunga stepa yenye shoti kwenye winchi ateremshe ndoo ya maji. Ndoo ikizidi kilele, kasi inapanda, breki inalegea, kasi inapanda zaidi. Na hata ndoo nyepesi haitasimama, kwa sababu pasipo mzunguko hakuna umeme. Kitu cha kuning'inia kinataka breki ya msuguano, basi.

Kwa kupima mota ndogo au pangaboi la upepo, hapo stepa ni mzigo mzuri sana. Hesabu mawimbi ya koili yenyewe, 50 kwa mzunguko, ujue kasi bila kununua kihisi, ndipo uchague rezista. Anayebisha alete namba zake.