SAA IACHWE, KAZI NDIYO IPANGWE UPYA

Ndugu wafanyakazi, wako wanaotaka Rwanda ifuate saa ya Dar es Salaam, ili hapa Rusizi jua lizame mnamo saa moja badala ya saa kumi na mbili jioni. Sisi hatukubali.

Mwanga huo utakatwa kwenye alfajiri. Mchumaji chai anayeanza kazi saa moja asubuhi, tena kwa malipo ya kilo, atapanda mlima gizani kwenye utelezi. Na mama anayevuka daraja na kapu lake la nyanya atawakuta watu wa Bukavu wako nyuma kwa saa nzima. Leo saa yetu ni moja nao, na Burundi pia. (Congo yenyewe ina saa mbili, ya Kinshasa na ya Bukavu, usumbufu wake wanaujua.)

Tarehe 1 Januari 2023 saa rasmi za kazi ziliwekwa kuwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mshale haukuguswa, na karani anafika kwake kabla ya giza. Mchumaji je? Tunadai saa ya kufunga mizani iandikwe katika mkataba wake.