Mama, Ufunguo wa Hilo Wingu Anao Nani?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za chanjo, chakula cha watoto na afya ya mama mjamzito. Leo naomba mniruhusu nizungumze habari ya simu. Mbele kidogo mtaona kwa nini jambo hili linamhusu hata muuguzi.

Mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Sumbawanga alifiwa na mtoto wake wa miaka minne. Picha zote za mtoto huyo zilikuwa katika simu. Miezi michache baada ya msiba, simu ikaibiwa sokoni. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta ametulia. Akaniambia, "Dada, kijana aliyeniuzia simu alisema picha zinajihifadhi zenyewe kwenye wingu. Nikipata simu nyingine zitarudi."

Akadunduliza fedha za maharage, akanunua simu nyingine. Simu ikamwuliza anwani ya barua pepe na neno la siri. Hakuwa na hata kimoja. Vyote vilitungwa na yule kijana wa dukani siku ile ya kununua, naye alikwisha kufunga duka na kuhama. Hata namba ya simu iliyoandikwa ndani ya akaunti ilikuwa ya kijana huyo. Basi picha zimehifadhiwa salama, lakini mama aliyemzaa mtoto hawezi kuziona.

WINGU NI NINI?

Sisi wa Ufipa tunayajua mawingu. Wakati wa mvua hushuka hata ukashindwa kuiona nyumba ya jirani. Lakini wingu la kompyuta haliko angani. Ni majengo makubwa yaliyojaa kompyuta, zinazowaka na kupozwa usiku na mchana. Mengi yako Ulaya na Marekani, na hata hapa nchini serikali inacho kituo cha namna hiyo Kijitonyama, Dar es Salaam. Ukipiga picha ukiwa Laela, nakala yake hupita kwenye mnara, kisha kwenye nyaya, na pengine chini ya bahari, mpaka ifike huko. Kwa maneno mafupi, kuweka kitu kwenye wingu ni kukipeleka kutunzwa nyumbani kwa mtu mwingine.

FAIDA ZAKE

Kwanza, simu hufa lakini kilichotunzwa hakifi nayo. Simu hutumbukia ziwani kule Kirando, huangukia ndani ya ndoo ya maji, huibiwa stendi. Mwenye akaunti yake na neno lake la siri hufungua simu nyingine akakuta picha, namba za ndugu na barua zake kama alivyoziacha.

Pili, kazi zetu za afya zimerahisishwa. Wauguzi wenzangu wanakumbuka vitabu vya MTUHA mwisho wa mwezi: unahesabu mstari kwa mstari, unajaza fomu, kisha unatafuta gari la kuzifikisha wilayani. Mvua zikiharibu barabara ya bondeni, taarifa hukaa zahanati. Katika miaka ya mwanzo ya 2010 ulisambazwa nchini mfumo uitwao DHIS2, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Takwimu zikiingizwa wilayani, wizara huziona bila kungoja karatasi zisafiri. Malaria ikizidi mahali fulani, hujulikana mapema zaidi, na dawa zinaweza kupelekwa.

Tatu, kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa kinaweza kupiga picha kila ukurasa wa daftari lake na kuihifadhi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nasi tuongeze kwamba hata daftari lenyewe linaweza kuungua pamoja na nyumba ya katibu.

Wala wazo la kuweka nakala mahali pa pili si geni kwa Kanisa. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 ilimwagiza paroko kupeleka kwenye ofisi ya askofu, kila mwisho wa mwaka, nakala ya vitabu vya parokia, vikiwamo vya ubatizo na vya ndoa. Waliotunga agizo hilo hawakuwa na kompyuta, lakini walijua kwamba kitabu kimoja ni rahisi kupotea.

HASARA ZAKE

Kwanza, bila mtandao wingu halifikiki. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili ambayo wengi waliiadhimisha kama Siku ya Mama, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi za jirani. Tena tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mama mwenye kumbukumbu za kliniki kwenye wingu peke yake, akishikwa na uchungu siku kama hizo, atamwonyesha mkunga nini?

Pili, hata nyumba ya mtunzaji huungua. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliteketeza sehemu ya kituo cha kompyuta cha serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon. Hifadhi ya mafaili ya watumishi wa serikali iliteketea, na haikuwa na nakala mahali pengine. Ikiwa nchi tajiri yenye mafundi wengi imepatwa na hilo, sisi tusijione tumekingwa.

Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi kama muuguzi, ni habari ya siri. Simu mbili zikitumia akaunti moja zinaweza kuonyeshana picha. Mama anapiga picha kadi yake ya dawa au majibu ya kipimo ili asisahau tarehe ya kurudi. Jioni ile ile picha inaonekana kwenye simu ya shemeji aliyemfungulia akaunti. Nimemhudumia mama aliyepatwa na mkasa huo, na nyumba yake iliyumba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu habari za afya kuwa ni nyeti, zenye kuhitaji ulinzi wa pekee. Lakini sheria haiwezi kufunga mlango ambao mwenyewe umeuacha wazi.

Nne, mtunzaji ana masharti yake. Google hutoa nafasi bure mpaka gigabaiti 15. Zaidi ya hapo utalipa. Tena akaunti isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Mama yule wa jumuiya yetu hakuwa ameambiwa hata moja kati ya hayo.

TUFANYE NINI?

Akina mama wenzangu, siwaambii mliogope wingu. Nasema lisiwe mtunzaji wa pekee, na ufunguo wake uwe mkononi mwenu. Haya ndiyo ninayowashauri:

1. Unaponunua simu, usikubali kufunguliwa akaunti huku umekaa pembeni. Andika neno la siri wewe mwenyewe. Kama hujui, mwombe binti yako au mwanajumuiya unayemwamini akuelekeze, lakini kidole kinachobonyeza kiwe chako.

2. Laini iliyoandikwa kwenye akaunti iwe imesajiliwa kwa jina lako, kwa alama ya kidole chako na namba yako ya NIDA. Laini ya shemeji au ya mume ikipotea, ni yeye tu awezaye kuirudisha. Tena laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba yake hupewa mtu mwingine.

3. Andika anwani ya barua pepe na neno la siri kwenye karatasi, uiweke unapoweka vyeti vya ubatizo na hati za shamba. Usiiandike nyuma ya simu, maana mwizi atachukua vyote pamoja.

4. Picha tano au sita unazozipenda kuliko zote, zisafishe studio. Picha ya karatasi haidai bando.

5. Kadi ya kliniki ya mtoto na kadi yako ya ujauzito usizitupe kamwe, hata ukiambiwa kwamba umekwisha kuingizwa kwenye kompyuta. Ziweke ndani ya mfuko wa plastiki, na uende nazo kila unaposafiri.

6. Ukipiga picha karatasi ya siri ya afya, hakikisha kwanza akaunti ile ni yako peke yako. Kama huna hakika, usipige. Uliza kliniki tarehe yako, tutakuandikia.

Nimalizie habari ya mama yule. Tuliwaomba ndugu na wanajumuiya wote watafute katika simu zao. Mama wa ubatizo wa mtoto akapata picha mbili: moja mbele ya kanisa siku ya ubatizo, nyingine mtoto amekalia gunia la mahindi, anacheka. Tukazisafisha, tukazitia kwenye fremu. Siku tulipompelekea, alikwenda chumbani akarudi na kadi ya kliniki ya mwanawe, ambayo hakuitupa. Uzito wa mtoto umeandikwa humo mwezi kwa mwezi, na baadhi ya miezi ni mwandiko wangu. Akaviweka vyote vitatu mezani, tukakaa navyo kimya. Kisha akaomba nimfundishe kufungua akaunti yake mwenyewe, kwa ajili ya mtoto aliyebaki. Tulifanya hivyo jioni ile ile, na kidole kilikuwa chake.

Mungu awalinde ninyi na watoto wenu. Tukutane mwezi ujao.